Uteuzi wa Seva za Wakati: Ni Saa Ipi ya Kuaminiwa Mtandaoni?

Utangulizi

Mhakiki wa miswada ya kale ya tendi huifahamu vyema hali ifuatayo. Ana nakala tatu za utendi mmoja mikononi mwake, na mbili kati ya hizo zinaafikiana katika ubeti ambao ya tatu inautoa kwa namna nyingine. Je, afuate zilizo nyingi? Kabla ya kujibu, hana budi kuuliza kwanza nakala hizo zimetoka wapi. Iwapo zile mbili zilinakiliwa kutoka kwa mswada mmoja uliokuwa na kosa, basi kuafikiana kwazo si ushahidi wa watu wawili. Ni sauti ya shahidi mmoja iliyosikika mara mbili. Swali hilo hilo ndilo linalomkabili msimamizi wa tarakilishi anapoamua mtambo wake uulize saa kwa nani.

Makala haya yanaeleza jinsi tarakilishi zinavyolinganisha saa zao kupitia mtandao, na jinsi seva za kuulizwa zinavyopaswa kuteuliwa. Msimamo unaoshikiliwa hapa ni kuwa hakuna seva ya wakati inayostahili kuaminiwa kwa ukubwa wa jina lake peke yake. Huaminika inapolinganishwa na nyingine zisizotegemea chanzo kile kile.

Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akashangaa suala hili linamhusu nini. Idara nyingi za vyuo vikuu siku hizi hupokea kazi za wanafunzi kupitia mifumo ya mtandaoni, na mfumo hufunga lango lake saa sita kamili usiku. Saa inayofunga lango si ile iliyo mkononi mwa mwanafunzi wala iliyo ukutani mwa mhadhiri, bali ni ya tarakilishi inayoendesha mfumo. Ikiwa saa hiyo imetangulia kwa dakika nne, mwanafunzi aliyewasilisha kazi dakika mbili kabla ya muda kwisha ataandikwa kuwa mchelewaji, wala hatakuwa na la kujitetea, kwa sababu rekodi inayomshtaki ndiyo rekodi ya pekee iliyopo. Kadhalika, wawili wanapozozana kuhusu nani aliyeandika kwanza, ushahidi unaotafutwa ni tarehe na saa zilizobandikwa kwenye faili zao. Kuna pia mifumo ya utambulisho, kama vile Kerberos, ambayo kwa kawaida humkatalia mtumiaji kuingia iwapo saa ya mtambo wake inahitilafiana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Aliyekataliwa hudhani amesahau neno lake la siri.

Kwa nini saa ya tarakilishi hupotoka

Ndani ya kila tarakilishi mna fuwele ndogo ya kwatsi inayotikisika kwa kasi maalumu, na mitikiso hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa wakati. Fuwele hizi ni za bei nafuu na kasi yake hubadilika kulingana na joto la mahali. Upungufu wa sehemu 20 katika milioni unaonekana kuwa mdogo mno, lakini kwa siku moja ni sekunde 1.7 hivi, na kwa mwezi ni takriban sekunde 52. Aidha, fuwele mbili hazikosei sawasawa; moja itakimbia na nyingine itakawia. Ndiposa barua pepe huweza kuonekana kana kwamba ilijibiwa kabla ya kuandikwa.

Tiba iliyoenea zaidi ni Itifaki ya Wakati wa Mtandao, ijulikanayo kwa ufupisho NTP. Iliasisiwa na David L. Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, na maelezo yake rasmi ya kwanza yalitolewa mwaka wa 1985. Toleo la nne, ambalo ndilo linalotumika hadi leo, liliwekwa katika waraka rasmi mwaka wa 2010. Mills alifariki Januari 2024, akiwa ameutumia muda mwingi wa maisha yake kwa swali hili moja.

Katika mpango huo, vyanzo vya wakati hupangwa kwa matabaka. Tabaka sufuri ni saa zenyewe, yaani saa za atomu, au vipokezi vinavyosoma wakati kutoka kwa setilaiti za GPS. Tabaka la kwanza ni seva zilizounganishwa moja kwa moja na saa hizo. La pili ni zile zinazouliza tabaka la kwanza, na kuendelea hivyo hadi la 15. Nambari 16 humaanisha kuwa mtambo haujalinganishwa na chochote. Wasomaji waliozoea isnadi, yaani msururu wa wapokezi katika mapokeo ya Kiislamu, watautambua mpango huu mara moja. Hata hivyo, watakumbuka pia kwamba msururu mfupi si lazima uwe msururu sahihi. Seva ya tabaka la pili iliyo karibu na kwenye njia tulivu mara nyingi hutoa jibu bora kuliko ya tabaka la kwanza iliyo ng'ambo ya bahari. Kuchagua kwa kutazama nambari ya tabaka peke yake ni kosa la kawaida, tena ni kosa la watu wenye bidii.

Jambo moja lafaa kufafanuliwa kabla ya kuendelea. Seva za wakati hazijui Nairobi iko wapi. Hutoa wakati wa kilimwengu, UTC, basi. Ni tarakilishi yenyewe inayoongeza saa tatu ili kupata saa za Afrika Mashariki. Kwa hiyo, mtambo unaokosea kwa saa tatu kamili hauna seva mbaya. Una mpangilio mbaya wa ukanda wa saa, na kubadilisha seva hakutausaidia. Mzungumzaji wa Kiswahili ana kiwango cha tatu juu ya hivyo viwili. Asubuhi ambapo seva inasema 4, kioo cha tarakilishi jijini Nairobi kinaonyesha 7, na mdomo unasema saa moja. Tarakimu zote tatu ni za kweli. Wafasiri wa programu za tarakilishi kwa Kiswahili hawajakubaliana ni ipi iandikwe kwenye kioo, na mjadala huo ungestahili makala yake.

Njia ya kwenda na kurudi

Ugumu wa kuuliza saa kwa mbali ni kwamba jibu huzeeka njiani. NTP hukabiliana na tatizo hili kwa kuandika nyakati nne: ombi linapoondoka, linapofika kwenye seva, jibu linapoondoka kwenye seva, na linapomfikia aliyeuliza. Tuchukue mfano. Tarakilishi inatuma ombi wakati saa yake ikisoma milisekunde 0. Seva inalipokea saa ya seva ikisoma 350, inajibu ikisoma 360, na jibu linafika saa ya tarakilishi ikisoma 210. Safari nzima imechukua 210, na seva imekaa na ombi kwa 10. Njia yenyewe basi imetumia 200. Itifaki hudhani kwamba kwenda na kurudi ni sawa, yaani 100 kila upande. Ombi lililofika 350 kwa hiyo liliondoka 250 kwa saa ya seva, na tarakilishi inajua kuwa imechelewa kwa milisekunde 250.

Lakini dhana hiyo ya usawa haina anayeithibitisha. Ikiwa kwa kweli kwenda kulichukua 150 na kurudi 50, kuchelewa halisi ni 200, na tarakilishi imejirekebisha kupita kiasi kwa 50. Haina njia yoyote ya kuligundua hilo kwa kuuliza seva ile ile tena na tena. Lililo hakika ni kwamba kosa la aina hii haliwezi kuzidi nusu ya muda wa safari, katika mfano wetu milisekunde 100. Hapa ndipo ukaribu unapopata thamani yake: njia fupi huweka mpaka mwembamba kwa kosa.

Historia ya mtandao nchini Kenya inalieleza jambo hili vizuri. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kuanza kazi mwaka wa 2009, mawasiliano ya kimataifa yalitegemea setilaiti zilizo kimo cha takriban kilomita 36,000. Ombi lilipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka, hivyo kwamba hata kwa kasi ya mwanga safari nzima haingeweza kupungua sana chini ya milisekunde 480. Mpaka wa kosa ulikuwa karibu robo ya sekunde kabla hata foleni za njiani hazijahesabiwa. Nyaya za baharini zimeupunguza mpaka huo mno, ingawa seva iliyo Ulaya bado huchukua zaidi ya milisekunde 100 kujibu. Iliyo nchini, ambayo data zake hupitia kituo cha mabadilishano cha KIXP jijini Nairobi badala ya kuzunguka ng'ambo, hujibu kwa sehemu ndogo ya muda huo.

Idadi ya mashahidi

Tuseme sasa msimamizi amepata seva ya karibu yenye sifa njema. Je, moja inatosha? Mwenye seva moja ataamini lolote ataloambiwa. Mwenye mbili yuko katika hali mbaya zaidi kwa namna fulani, kwani zinapotofautiana hana la kumsaidia kujua ni ipi inayosema kweli. Tatu huwezesha mbili kumfichua mwongo mmoja. Lakini moja kati ya hizo tatu ikizimika, mtu hurejea kwenye mzozo wa wawili. Ndiyo maana waraka wa mwongozo uliotolewa mwaka wa 2019 kwa watumiaji wa NTP unapendekeza angalau seva nne.

Namna tarakilishi inavyoamua kati yazo inavutia. Kila seva haitoi nukta moja bali masafa: wakati u kati ya hapa na hapa. Programu hutafuta mahali ambapo masafa ya wengi yanakutana, kwa mbinu iliyotokana na kazi ya Keith Marzullo ya miaka ya 1980. Zile ambazo masafa yake hayagusi eneo hilo hutangazwa kuwa saa za uongo na kutupwa nje, hata zikiwa za tabaka la kwanza. Zilizobaki ndizo zinazopimwa kwa utulivu na kuunganishwa. Yaani mkubwa hasikilizwi kwa ukubwa wake. Wakati wa kilimwengu wenyewe hupatikana kwa njia inayofanana na hiyo: ofisi ya kimataifa ya vipimo, BIPM, iliyoko Sèvres nchini Ufaransa, huukokotoa kutokana na mamia ya saa za atomu zilizo katika maabara za nchi mbalimbali, na hakuna hata moja inayohesabiwa kuwa ndiyo saa kuu.

Tukio la tarehe 19 Novemba 2012 linaonyesha hatari ya kutegemea jina. Taasisi ya uchunguzi wa anga ya jeshi la majini la Marekani, USNO, ni miongoni mwa watunza wakati wanaoheshimiwa zaidi duniani. Siku hiyo seva zake mbili, zilizoitwa tick na tock, zilianza kusema kwamba mwaka ulikuwa 2000. Hali hiyo ilidumu kwa muda usiofika saa moja, lakini mashirika yaliyozitegemea yaliona mitambo yao ikirudi nyuma miaka 12 na watumiaji wakikataliwa kuingia. Funzo zito zaidi halimo katika ule ukweli kwamba mashuhuri alikosea. Ni kwamba waliokosea walikuwa wawili, kwa wakati mmoja, kwa kauli moja. Aliyeweka tick na tock akidhani ana mashahidi wawili alikuwa na mmoja. Na aliyezichanganya na seva moja tu ya kwingineko alishuhudia wengi wakimshinda msema kweli.

Kwa hivyo hatuna budi kulirudia swali la mhakiki wa miswada: nakala hizi zilinakiliwa kutoka wapi? NTP humsaidia anayetaka kujua. Kila seva hutaja kitambulisho cha chanzo chake. Ya tabaka la kwanza huandika aina ya saa yake, kwa mfano GPS. Za chini yake, katika mtandao wa anwani za IPv4, huandika anwani ya seva ziliyoiuliza. Chuo chenye seva tatu katika idara tatu, zote zikionyesha anwani moja ya chanzo, kina seva moja tu kwa kadiri suala la ukweli linavyohusika. Hata GPS ni chanzo kimoja kwa maana hii. Tarehe 26 Januari 2016 baadhi ya setilaiti zake zilitoa wakati uliokosea kwa mikrosekunde 13 hivi. Kiasi hicho hakionekani na anayeuliza saa kupitia intaneti, bali kilivuruga mitambo ya mawasiliano iliyohitaji usahihi mkubwa zaidi. Kosa lingeweza kuwa kubwa zaidi.

Kuna aina nyingine ya hitilafu ambayo si uongo wa mtu yeyote. Tangu mwaka wa 1972 sekunde 27 za nyongeza zimetiwa katika wakati wa kilimwengu ili usiachane na mzunguko wa dunia. Ya mwisho iliingia mwishoni mwa mwaka wa 2016. Wakenya wengi walikuwa usingizini, kwani kwao ilikuwa ikikaribia saa tisa za usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017. Seva nyingi huiongeza sekunde hiyo kwa mkupuo. Za kampuni ya Google huisambaza kidogo kidogo kwa muda wa saa 24, hivyo kwamba katikati ya kipindi hicho makundi haya mawili huhitilafiana kwa nusu sekunde. Kila kundi lina hoja yake, na uteuzi wowote kati yao waweza kutetewa. Usiotetewa ni mchanganyiko wa mawili. Mwaka wa 2022 mataifa yaliazimia kuupanua mpaka wa tofauti inayoruhusiwa ifikapo mwaka wa 2035, hatua ambayo itazifanya nyongeza hizi kuwa nadra mno. Hadi wakati huo, orodha ya seva inapaswa kuwa ya mila moja.

Adabu ya kuuliza

Asiye na wakati wa kuchunguza haya yote ana msaada wa mradi wa pool.ntp.org, ulioanza mwaka wa 2003. Watu wa kujitolea na mashirika husajili seva zao humo, mradi huzipima mara kwa mara na kuziondoa zilizopungukiwa alama, kisha anayeuliza hupewa baadhi yazo kwa zamu. Lipo jina la Kenya, ke.pool.ntp.org, na lipo la Afrika nzima. Tatizo ni uhaba: seva zilizosajiliwa katika bara hili ni chache mno zikilinganishwa na za Ulaya, na penye chache uwezekano wa kupata nne zenye vyanzo tofauti hupungua. Vyuo vyenye uwezo wa kununua kipokezi cha GPS na kufungua seva kwa umma vingefanya jambo la maana kuliko kuendelea kuwa waombaji tu.

Uombaji nao una adabu yake. Mwezi wa Mei 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kilianza kufurikiwa na maombi ya saa, yaliyofikia 250,000 kwa sekunde. Uchunguzi ulibaini kwamba anwani ya seva yake ilikuwa imechongwa ndani ya ruta za kampuni ya Netgear, zaidi ya 700,000, ambazo ziliposhindwa kupata jibu zilirudia kuuliza kila sekunde. Miaka michache baadaye Poul-Henning Kamp wa Denmark alilalamika kwamba seva aliyoiweka kwa ajili ya mitandao ya nchi yake ilikuwa ikiulizwa na ruta za D-Link kutoka kila pembe. Suala hilo lilitatuliwa mwaka wa 2006. Katika visa vyote viwili hakuna aliyemwuliza mwenye seva iwapo ameridhia. Utaratibu ufaao chuoni ni kuteua mitambo michache iulize nje, na mingine yote iulize hiyo ndani kwa ndani, kwa vipindi ambavyo programu yenyewe hujipangia kati ya sekunde 64 na 1,024.

Suala la usalama lilicheleweshwa sana. Jibu la kawaida la NTP halina sahihi, na aliye katikati ya njia anaweza kulibadilisha. Utaratibu wa kuthibitisha majibu kwa njia ya kisasa, NTS, uliwekwa rasmi mwaka wa 2020. Seva zinazoutumia bado si nyingi, lakini mfumo unaopokea mitihani unafaa kuwa na walau moja au mbili za aina hiyo katika orodha yake.

Orodha ikishakamilika, haifai kusahauliwa kwenye faili ya mipangilio. Seva za wenye kujitolea hufungwa, na anwani hubadilika. Programu ya ntpq huonyesha kila seva ikiwa na alama kando ya jina: nyota kwa iliyochaguliwa, jumlisha kwa zinazoiunga mkono, na herufi x kwa iliyotangazwa kuwa ya uongo. Safu moja huwa na tarakimu 377, ambayo huwatatiza wengi. Si kipimo cha milisekunde, ni nambari ya msingi wa nane inayosema kwamba maombi manane ya mwisho yote yalijibiwa. Ikishuka, njia ina matatizo. Iwapo ni 377 na x ipo, seva inasikika vizuri na inasema lisilokubaliwa na wenzake. Anayeiona x hiyo kwa mara ya kwanza asiifute seva papo hapo. Achunguze kwanza vyanzo vya zile zilizoikataa.